Lita Isiyochomwa Ni Fedha Iliyobaki Kisiwani

Watu wa visiwa vidogo vya mwambao wetu si waliolipasha joto anga. Kijiji cha wavuvi cha Kojani, Chole, Wasini au Pate kinachoma mafuta kidogo mno ukikilinganisha na mtaa mmoja wa jiji kubwa. Hata hivyo wao ndio wanaopigwa mwanzo. Kisiwa Panza, kule Pemba, maji ya chumvi yameingia mashambani, na ardhi iliyokuwa ikilisha watu imepoteza rutuba yake.

Kwa nini basi mtu wa kisiwani ajishughulishe na kupunguza hewa ukaa? Jibu langu linaanzia mfukoni. Karibu kila kinachochafua hewa kisiwani kinanunuliwa ghali: petroli ya boti, dizeli ya jenereta, magunia ya mkaa. Juu ya bei ya sokoni kuna nauli ya chombo na faida ya kila mchuuzi aliyekipitisha mkononi. Fedha ya samaki, mwani na nazi inaingia asubuhi na kutoka jioni kwa njia hiyo hiyo ya bahari. Kijiji kikipunguza kinachochomwa, fedha inabaki kwa wenyewe, msitu unapumua, na kina mama wanaepushwa na moshi. Anga nalo linapata nafuu yake.

Mwongozo huu ni wako wewe sheha, mwalimu, nahodha, mama wa kikundi cha mwani au kijana wa kamati ya mazingira unayetaka kijiji chako kianze.

Hesabu kwanza, na hesabia bandarini

Kisiwa kina faida ambayo mji hauna: karibu kila mafuta yanayochomwa hushushwa mahali pamoja au pawili panapojulikana. Chagua vijana wawili waaminifu, wape daftari na kalamu, wakae bandarini au dikoni mwezi mzima. Waandike kila kinachoshuka: madumu ya petroli na dizeli, mitungi ya gesi, magunia ya mkaa, mafuta ya taa. Kabla hawajaanza, tangaza msikitini, shuleni na barazani kwamba hesabu hii haihusiani na kodi. Usipofanya hivyo, mafuta yatashushwa usiku.

Kuni zinazokatwa kisiwani hazipiti bandarini, kwa hiyo zihesabu majumbani. Omba nyumba kumi, kubwa kwa ndogo, zipime mzigo wa kuni kila siku kwa wiki moja. Mizani ya samaki inatosha.

Kisha geuza mafuta kuwa hewa ukaa. Lita 1 ya petroli ikiungua hutoa takriban kilo 2.3 za hewa ukaa, lita 1 ya dizeli takriban kilo 2.7, na kilo 1 ya gesi ya kupikia takriban kilo 3. Mtu atakuuliza inawezekanaje lita isiyofika kilo moja itoe kilo mbili na zaidi. Mjibu kwamba mafuta yanapoungua hujiunga na oksijeni ya hewani, na uzito wa oksijeni hiyo unaingia katika hesabu. Kwa mkaa, tazama mti uliotoka: tanuri la kienyeji la kufukia kwa udongo hula kilo 5 hadi 10 za kuni kutoa kilo 1 ya mkaa. Gunia la kilo 40 ni kilo 200 mpaka 400 za mti.

Tuseme duka la kijiji lina jenereta inayokunywa lita 1 ya petroli kwa saa, nalo huiwasha saa 4 kila usiku. Kwa mwezi ni lita 120, sawa na kilo 276 za hewa ukaa. Zidisha lita hizo kwa bei ya petroli ya kisiwani kwenu, uandike jibu pembeni. Fanya hivyo kwa kila kitu: safu moja ya kilo, safu ya pili ya shilingi. Safu ya pili ndiyo itakayowatoa watu majumbani kuja kwenye mkutano.

Baraza kabla ya mradi

Kosa la miradi mingi ni kufika na paneli kabla ya mazungumzo. Samsø, kisiwa cha Denmark chenye watu wapatao 4,000, kilishinda mwaka 1997 shindano la serikali la kutafuta kisiwa kitakachojitegemea kwa nishati isiyochafua. Søren Hermansen, mzaliwa wa hapo aliyekuwa mwalimu, alitumia muda mrefu akikaa na wakulima jikoni na mikutanoni, akisikiliza nani anahofia nini na nani anataka faida gani. Kufikia mwaka 2000 mitambo 11 ya upepo ilikuwa imesimama nchi kavu, na mingine 10 ikaongezwa baharini miaka michache baadaye. Wakazi wenyewe walinunua hisa. Mtambo ulio mali yako huuonei kero.

Sisi si Denmark, na mifuko yetu si yao. Mpangilio wa kazi ndio wa kuiga: kwanza watu, kisha umiliki, mwisho mitambo.

Kwetu, itisha mabaraza matatu badala ya moja. Kina mama wakutane peke yao, kwa wakati wanaouchagua wao, kwa sababu jiko wanalijua wao na katika mkutano mkubwa wengi hunyamaza. Manahodha na wavuvi wakutane dikoni siku ambazo bahari haitokeki. Vijana wakutane na walimu. Kisha matokeo yote yaletwe mbele ya sheha au serikali ya kijiji, wazee wakiwepo. Kila baraza lijibu maswali mawili tu: tunachoma wapi bila faida, na tuko tayari kubadili nini mwaka huu?

Jikoni

Anza jikoni, kwa kuwa huko nafuu huonekana ndani ya wiki moja na mengi hayahitaji fedha.

Kuni zikauke kwanza. Kuni mbichi hutumia moto wake kukausha maji yaliyomo ndani yake, na moshi unaojaza jikoni ni mafuta ambayo hayakuungua. Jenga banda dogo la makuti, zipange kuni zilizopasuliwa zipitiwe na upepo, zitumike baada ya kukauka barabara. Maharage na choroko viloweke tangu usiku. Sufuria ifunikwe. Chakula kikishachemka, punguza moto: maji yanayochemka kwa nguvu hayana joto zaidi ya yanayochemka polepole.

Mafiga matatu hupoteza sehemu kubwa ya moto pembeni. Jiko banifu la udongo, linalobana moto chini ya sufuria, hupunguza kuni sana, nalo hujengwa kwa udongo mzuri wa mfinyanzi uliochanganywa na majivu au mchanga. Mambo mawili hayana mjadala: mdomo wa jiko ulingane na sufuria inayotumika kila siku, na nafasi ya moshi kupita iwepo. Jiko lililojengwa kwa sufuria ya mtu mwingine litageuzwa kiti cha kuku. Fundi akae na mpishi, apime sufuria yake, kisha ajenge.

Kisiwa chenye minazi kina kuni zisizomgharimu mti hata mmoja: vifuu, makumbi, karara na makuti makavu. Vifuu hutoa mkaa mzuri unaodumu. Kikundi cha vijana kikikusanya vifuu kwa wakamuaji tui na wauza madafu, kitapata biashara, na magunia ya mkaa yanayoshushwa bandarini yatapungua.

Mahali palipofika umeme wa uhakika, jiko la presha la umeme ni jambo la kuonyeshwa hadharani. Linachemsha maharage kwa chini ya uniti moja. Lipikie siku ya mkutano, mita ikionekana, watu wale na wahesabu gharama wenyewe. Gesi nayo hutoa hewa ukaa, lakini kwa nyumba inayotumia mkaa ni hatua nzuri mbele, na jiko halina moshi.

Usisahau majiko makubwa yasiyo ya nyumbani. Kuchemsha dagaa hula kuni nyingi kwa siku moja kuliko nyumba nyingi. Mapipa ya kuchemshia yajengewe majiko yaliyozungushiwa ukuta, na dagaa wakaushwe kwenye chanja jua linapotosha. Chokaa ni mzigo mzito zaidi: magogo hulazwa, mawe ya matumbawe hupangwa juu yake, na tanuu huwaka muda mrefu. Hapo hewa ukaa hutoka mara mbili, kwenye magogo na kwenye jiwe lenyewe linapogeuka chokaa. Kijiji kikiweza kukubaliana kitu kimoja tu kuhusu ujenzi, kiwe kupunguza matanuu.

Vyombo vya bahari

Kwa wengi, dumu la petroli la boti ndilo gharama kubwa kuliko zote. Kuna nafuu nne zisizohitaji mashine mpya.

Ya kwanza ni mwendo. Mashine ikifunguliwa hadi mwisho, mafuta huongezeka haraka kuliko kasi. Nahodha asiliamini neno langu, ajaribu mwenyewe: ajaze tangi mpaka alama, aende safari yake ya kawaida kwa kasi ya mwisho, ajaze tena na kuandika lita. Siku ya pili arudie njia ile ile, mzigo ule ule, maji yakiwa sawa, kwa robo tatu ya kasi. Tofauti ya lita aizidishe kwa safari zake za mwezi. Hakuna semina itakayomshawishi kuliko hesabu hiyo.

Ya pili ni mwili wa chombo. Magamba na majani ya baharini yaliyoganda chini hukiburuza chombo nyuma. Wazee walikipandisha chombo pwani, wakakikwangua na kukitia deheni kwa ratiba isiyovunjwa. Rudisheni ratiba hiyo. Rafadha iliyopinda au kumeguka ibadilishwe, na kabureta isafishwe na fundi anayejua.

Ya tatu ni kujaza. Boti mbili zinazoondoka nusu tupu kwa saa moja zinachoma mara mbili kwa kazi ya boti moja. Manahodha wapange zamu, saa za kuondoka zijulikane, na mizigo ya maduka iunganishwe siku maalumu za wiki. Hapa patakuwa na ugomvi wa riziki, kwa hiyo mpango wa zamu uandikwe na kusimamiwa na umoja wa manahodha wenyewe.

Ya nne ni tanga. Tuna bahati ya pepo zinazojulikana: kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi, kusi takriban Aprili hadi Oktoba. Chombo chenye mashine bado kinaweza kubeba mlingoti, kikatweka tanga upepo unapofaa, na mashine ikabaki ya kuingilia bandarini na ya hali ya hatari. Mafundi wanaojua kukata na kushona tanga wanazeeka. Wapeni vijana wa kuwafundisha kabla ujuzi haujazikwa nao.

Siku mashine kuukuu inapokufa, nunueni ile isiyohitaji kuchanganya oili ndani ya petroli. Bei yake ya mwanzo ni kubwa, lakini hunywa kidogo na haiachi mafuta juu ya maji mnapovua.

Umeme

Unguja na Pemba zinapata umeme kwa kebo zilizolazwa chini ya bahari kutoka bara. Pemba ilipounganishwa na Tanga mwaka 2010, iliachana na utegemezi wa jenereta za dizeli. Lakini kebo nayo hukatika: Unguja ilikaa gizani takriban miezi mitatu kuanzia Desemba 2009, na mji ukajaa mngurumo wa jenereta. Visiwa vingi vidogo havina hata kebo. Kwa visiwa vya aina zote mbili, jua lililo juu ya paa ni akiba ya kweli.

Kabla ya kununua sola, punguza mahitaji. Kufunga paneli kwenye nyumba yenye balbu za kizamani na friji mbovu ni kutia maji kwenye mtungi uliotoboka. Balbu ya LED ya wati 9 inatoa mwanga wa balbu ya zamani ya wati 60.

Halafu pima. Chukua nyumba yenye balbu 4 za wati 5 zinazowaka saa 5: hizo ni wati-saa 100. Simu tatu, wati-saa 30. Televisheni ndogo ya wati 30 kwa saa 4, wati-saa 120. Jumla 250. Ongeza theluthi kwa kinachopotea kwenye nyaya na betri, upate karibu 330. Gawanya kwa saa 5 za jua kali, unapata wati 66. Paneli ya wati 80 au 100 inatosha, na inaacha nafasi kwa mawingu ya masika. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100 hubeba wati-saa 1,200, lakini usiimalize chini ya nusu, maana huo ndio ugonjwa unaoiua mapema. Nusu hiyo ni 600, inayotosha karibu siku mbili. Muuzaji akikupa hesabu iliyo mbali na hii, mwombe aeleze.

Chumvi ndiyo adui wa sola kisiwani. Boliti ziwe za chuma kisichoshika kutu, vichwa vya betri vipakwe grisi, kioo cha paneli kioshwe kwa maji baridi mapema asubuhi. Paneli iinamishwe kidogo ili mvua iisafishe. Betri iliyokufa isipasuliwe wala asidi yake isimwagwe, kwa kuwa kisima hakiko mbali. Irudishwe mjini kwa wanaonunua risasi yake.

Paneli hudumu miaka mingi, betri hufa mapema, na hapo ndipo miradi mingi huzikwa. Kwa hiyo kila mtambo wa pamoja, uwe wa zahanati, shule, msikiti au jokofu la barafu dikoni, uwe na mfuko wake tangu siku ya kwanza, hata kama vifaa vimetolewa bure. Watumiaji walipe kidogo kila mwezi, fedha ikae kwenye akaunti yenye sahihi tatu, na mahesabu yabandikwe ukutani.

Na awepo fundi anayelala kisiwani. Chuo cha Barefoot kilichopo Kinyasini, Unguja, hufundisha kina mama wa vijijini kufunga na kutengeneza sola, wengi wao wakiwa hawakusoma sana shuleni. Mchagueni mama mwenye mizizi kijijini, anayeaminiwa kuingia nyumba za watu.

Mkifikia kuwa na mtambo mmoja wa kijiji kizima, wekeni kikomo. Wakazi wa Eigg, kisiwa cha Uskoti chenye watu wapatao mia moja, waliwasha mtandao wao wenyewe wa umeme wa maji, upepo na jua mwaka 2008, wakakubaliana kwamba nyumba isivute zaidi ya kilowati 5 kwa wakati mmoja, na biashara 10. Kikomo cha nyumba ni kimoja kwa mwenye nacho na asiye nacho, na ndicho kinachoufanya umeme utoshe wote.

Mikoko

Kulinda mkoko uliosimama kunazidi kupanda mpya. Tope lililo chini yake limehifadhi kaboni ya miaka mingi, na msitu ukikatwa hazina hiyo huanza kurudi hewani. Tafuta kwanza nani anakata na kwa nini: kuni, boriti, tanuu la chokaa, au vigingi vya mashamba ya mwani. Kila sababu ina dawa yake. Vigingi, kwa mfano, vinaweza kupungua kwa kutumia kamba zinazoelea kwenye maji ya kina zaidi, ambako mwani nao hauungui kwa joto.

Mkipanda, pandeni mahali ambapo mikoko iliwahi kuota. Msipande juu ya majani ya baharini wala kwenye ufukwe mtupu wa mawimbi, kwani miche itang'oka na mtakuwa mmeharibu malisho ya samaki. Kama mkondo wa maji umezibwa na barabara au tuta, uzibueni kwanza. Mara nyingi msitu hurudi wenyewe. Mlilana hukaa mbele baharini, mkoko katikati, mkandaa nyuma yake, na mchu huvumilia pande zote mbili. Mbegu ndefu ya mkoko ichukuliwe ikiwa imekomaa: utaona pete ya manjano chini ya kifuniko chake, na ukiigusa inaachia bila kuvutwa. Ichomekwe wima, isizidi theluthi moja ndani ya tope.

Kuna vijiji vinavyolipwa kwa kazi hii. Kule Gazi, Kwale, nchini Kenya, mradi wa Mikoko Pamoja unatunza hekta 117 na tangu 2013 umeuza hewa ukaa inayohifadhiwa, takriban tani 3,000 kwa mwaka. Fedha zake zimeleta maji na kusaidia shule. Vanga na majirani zake wamefuata kwa eneo kubwa zaidi. Njia ipo, lakini nendeni kwa tahadhari. Mtu akija na mkataba, msitie sahihi siku hiyo. Aulizwe: ni wa miaka mingapi, kijiji kinapata sehemu gani, nani anapima, kuni na boriti tutapata wapi, tunatokaje tukidhulumiwa? Mkataba usomwe kwa Kiswahili mbele ya watu wote, na upitie idara ya misitu na mwanasheria. Wala kuuza hewa ukaa kusiwe ruhusa ya kuendelea kuchoma dizeli.

Hoteli na wageni

Haki inadai kila mwenye kuchoma ahesabiwe. Hoteli moja yenye viyoyozi, mtambo wa kuchuja chumvi na jenereta inaweza kuchoma kuliko kijiji kizima. Iombeni takwimu zake za dizeli kama mlivyotoa zenu. Chumbe, karibu na Unguja, imeonyesha tangu miaka ya 1990 kwamba mgeni anaweza kulala chini ya paa la makuti linalokinga maji ya mvua, akitumia taa za sola na choo kisichotumia maji, na akalipia kwa furaha. Mwekezaji mpya akija, masharti hayo yawekwe kabla hajapewa ardhi.

Mwaka wa kwanza

Mwezi wa kwanza ni wa daftari. Wa pili, mabaraza. Wa tatu mpaka wa sita, majiko na vyombo, kwa sababu faida yake ni ya haraka na itawapa watu imani. Wa saba mpaka wa tisa, mfuko ufunguliwe, mafundi wapelekwe kusoma, mtambo mmoja wa pamoja ufungwe, ikiwezekana zahanati. Wa kumi na wa kumi na moja, mikoko, kwa kufuata msimu wa mbegu za kwenu. Wa kumi na mbili, vijana warudi na daftari mwezi mzima, wahesabu tena.

Matokeo yasomwe hadharani, mazuri na mabaya: lita zilizopungua, shilingi zilizobaki, na nani hakutimiza ahadi. Pale hesabu isipopungua, msitafute wa kulaumu. Tafuteni kilichowazuia. Kisha mpange mwaka wa pili kwa fedha iliyookolewa mwaka wa kwanza, msingoje mfadhili. Kijiji kinachojua kinachoma nini, kinalipa kiasi gani na kinataka kupunguza wapi, hakimpokei mfadhili wala mwekezaji kwa kuinamisha kichwa. Kinamkaribisha, kinamwonyesha daftari, na kinamwambia kazi ilipofikia.